Mdundo Unaoambukiza: Jazi ya Kilatini, Ubongo na Mwendo wa Mgonjwa

Katika lugha ya tiba, kuambukiza ni neno lisilopendeza. Huandamana na surua, kipindupindu na kifua kikuu. Hata hivyo lipo kundi la watu wanaolitumia neno hili kwa furaha, nao ni wahakiki wa muziki. Inapotoka rekodi mpya ya jazi ya Kilatini, mhakiki huona vigumu kumaliza tahakiki yake bila kuandika kwamba uchangamfu wake unaambukiza. Kila aliyewahi kusikia muziki huo anaelewa kinachosemwa. Mtu ameketi ametulia. Baada ya mapigo machache kisigino kinaanza kugonga sakafu, kichwa kinafuata, na jirani yake ambaye hakuwa hata anasikiliza naye anaanza kutikisika. Hakuna aliyewaamuru.

Mhudumu wa afya ana sababu ya kulitazama jambo hili kwa makini zaidi kuliko mhakiki. Njia ambayo mdundo hupitia kutoka sikioni hadi mguuni ndiyo ambayo mtaalamu wa fiziotherapia huitumia anapomfundisha tena kutembea mgonjwa aliyepata kiharusi, au anapomsaidia anayeishi na ugonjwa wa Parkinson. Lakini muziki unaomwinua mtu mzima kitini si lazima uwe ndio unaofaa kumwongoza mgonjwa anapopiga hatua. Ndugu wa mgonjwa asiyejua tofauti hiyo anaweza, kwa nia njema kabisa, kumsababishia mgonjwa wake kuanguka.

Kutoka Havana hadi New York, na hadi Morogoro

Jazi ya Kilatini, kwa maana inayotumika hapa, ni ndoa ya ngoma za Kuba na jazi ya Wamarekani weusi, na ndoa hiyo ilifungwa jijini New York katika miaka ya 1940. Mpiga tarumbeta Mario Bauzá, mzaliwa wa Havana, alikuwa kiongozi wa muziki katika bendi ya shemeji yake, Machito. Kibao chao kiitwacho Tanga, cha mwaka 1943, huhesabiwa na wengi kuwa cha kwanza cha aina hii. Bauzá ndiye pia aliyemkutanisha mpiga tarumbeta Dizzy Gillespie na mpiga konga Chano Pozo, Mkuba ambaye hakujua kusoma noti wala kuzungumza Kiingereza. Tarehe 30 Desemba 1947 bendi ya Gillespie ilirekodi Manteca. Kibao hicho huanza kwa konga na besi peke yake. Kisha saksofoni nzito huingia, na vyombo vingine vya kupuliza hufuata kundi baada ya kundi, kila kundi likishika kipande chake kifupi na kukirudia. Msikilizaji hapati nafasi ya kuamua kama ataguswa au la. Ushirikiano wa watu hao wawili ulidumu muda mfupi, kwani Pozo aliuawa kwa risasi mtaani Harlem mwezi Desemba 1948, akiwa na umri wa miaka 33.

Hata hivyo muziki wenyewe haukufa naye. Mwezi Desemba 2014 mpiga piano Arturo O’Farrill aliipeleka okestra yake Havana kurekodi pamoja na wanamuziki wa Kuba. Albamu iliyotoka mwaka uliofuata iliitwa Cuba: The Conversation Continues, na mazungumzo yanayotajwa katika jina hilo ni yale yaliyoanzishwa na Gillespie na Pozo.

Masikio ya Afrika Mashariki si mageni kwa mdundo huu. Msingi wake ulivuka Atlantiki katika merikebu za watumwa, kutoka Afrika Magharibi na bonde la Kongo. Ukarudi katika miaka ya 1930 ndani ya sahani za santuri zenye alama ya GV, zilizosambaza nyimbo za Kuba barani Afrika na kuchangia kuzaliwa kwa rumba ya Kongo. Huko Morogoro, Salum Abdallah aliunda bendi mwaka 1948 ambayo ilikuja kupata umaarufu kwa jina la Cuban Marimba. Mzee anayelazwa leo katika wodi ya Dar es Salaam au Dodoma huenda alicheza kwa mdundo wa ukoo huo akiwa kijana, na taarifa hiyo inastahili kuulizwa pamoja na historia ya ugonjwa wake. Sababu itaonekana mbele.

Makofi matano na hatua nne

Siri ya uambukizaji huu haimo katika kasi, wala katika makelele ya tarumbeta. Imo katika mpangilio uitwao klave, ambao hupigwa kwa vijiti viwili vya mti mgumu, na ambao wanamuziki wote huufuata hata pale vijiti vyenyewe visipolia.

Msomaji anaweza kuujaribu akiwa kitini. Ahesabu polepole kuanzia 1 hadi 16 kwa mwendo usiobadilika. Mguu ugonge sakafu kwenye 1, 5, 9 na 13. Mikono ipige kofi kwenye 1, 4, 7, 11 na 13. Kisha arudie bila kusita. Mguu umegonga mara nne na mikono imepiga mara tano, lakini vimekutana mara mbili tu, kwenye 1 na kwenye 13. Kofi la 4 limeutangulia mguu kidogo. La 7 na la 11 yamekaa katikati ya hatua mbili. Wengi hukosea mara tatu za kwanza, na kukosea huko hakuna ubaya, maana ndiko kunakoonyesha kazi ambayo ubongo unatakiwa kuifanya: kushika hesabu moja iliyonyooka huku ukisikia nyingine inayokwepakwepa.

Juu ya klave huongezwa ujanja wa besi. Katika muziki mwingi, besi hulia pale pigo la kwanza linapoangukia, kana kwamba inamwambia msikilizaji akanyage hapo. Katika muziki wa Kuba mpiga besi mara nyingi hupiga noti yake kabla ya pigo hilo, kisha huliacha pigo lenyewe bila sauti mpya. Mahali palipotarajiwa mshindo pana pengo, na mwili wa msikilizaji ndio unaoliziba kwa bega, kwa kichwa au kwa kisigino. Kwa hiyo anayesikiliza jazi ya Kilatini hapokei mdundo uliokamilika. Anaukamilisha yeye mwenyewe, na ndiyo maana huona kana kwamba amealikwa ndani ya bendi.

Uwezo wa kutambua pigo lisilopigwa ni wa kale sana katika maisha ya binadamu. Mwaka 2009 watafiti nchini Hungaria walichapisha matokeo ya kupima umeme wa ubongo wa watoto wachanga wenye umri wa siku mbili hadi tatu, ambao walisikilizishwa ngoma wakiwa wamelala. Pigo kuu lilipoachwa, ubongo wa mtoto ulitoa alama ya kushtuka, kama kwamba kitu alichokingoja hakikufika. Mapigo madogo yalipoachwa, alama hiyo haikutokea.

Ubongo unaotembea ukiwa umelala

Sauti ya mdundo haiishii katika eneo la ubongo linalohusika na kusikia. Uchunguzi uliofanywa kwa mashine za sumaku umeonyesha kwamba mtu anaposikia mdundo wenye mapigo yanayotambulika, maeneo ya kupanga mwendo huamka hata kama amelala bila kutikisa kidole. Pamoja nayo huamka viini vilivyo ndani kabisa ya ubongo, viitwavyo basali ganglia. Viini hivi, vikisaidiwa na kemikali ya dopamini, hushiriki katika kuanzisha miondoko tuliyoizoea na kuipangia wakati wake, na kutembea ni mmojawapo wa miondoko hiyo. Kusikia mapigo, kwa namna fulani, ni kuanza kutembea bila kwenda popote.

Dopamini ina kazi nyingine katika habari hii. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2011 kutoka Montreal, Kanada, ulionyesha kwamba wapenzi wa muziki wanaposikiliza vibao walivyovichagua wenyewe, dopamini hutolewa katika vipindi viwili: wakati wa kungoja kilele cha wimbo na wakati kilele kinapofika. Kungoja nako ni raha. Mwanamuziki anayeahirisha pigo, kama afanyavyo mpiga besi wa Kuba, anaichezea raha hiyo kwa makusudi.

Je, kadiri mdundo unavyokwepa ndivyo raha inavyozidi? La. Mwaka 2014 watafiti waliwasikilizisha watu 66 vipande 50 vya ngoma, kuanzia vile vilivyonyooka kabisa hadi vilivyojaa mikwepo. Hamu ya kujimwayamwaya ilikuwa kubwa zaidi katika vipande vya kati. Mdundo ulionyooka mno huchosha, na uliopindapinda mno humpoteza msikilizaji. Jazi ya Kilatini, inapochezwa na mabingwa, hukaa katika eneo hilo la kati. Lakini eneo la kati la nani? Waliopimwa katika utafiti huo hawakuwa wagonjwa wa mishipa ya fahamu, na hapo ndipo kazi ya mhudumu wa afya inapoanza.

Saa ya nje kwa asiye na saa ya ndani

Katika ugonjwa wa Parkinson, seli zinazotengeneza dopamini hufa kidogo kidogo. Basali ganglia hupungukiwa na uwezo wa kutoa wakati wa ndani, na hatua huwa fupi, za kuburuta, zisizolingana. Wagonjwa wengine huganda: mtu anataka kwenda, lakini miguu inakuwa kama imegundishwa sakafuni, hasa anapogeuka au anapopita mlangoni. Mapigo ya nje husaidia kwa sababu mwendo unaweza kupata wakati wake kupitia njia nyingine za ubongo zisizotegemea sana viini vilivyoharibika. Mwaka 1996 Michael Thaut na wenzake nchini Marekani walichapisha matokeo ya mpango wa wiki tatu ambapo wagonjwa wa Parkinson walifanya mazoezi ya kutembea nyumbani kila siku kwa dakika 30, wakifuata muziki wenye mapigo yaliyotiwa mkazo. Kasi yao ya kutembea iliongezeka kwa takribani robo, na urefu wa hatua nao uliongezeka. Mwaka 2007 utafiti mwingine wa kundi hilo, uliowahusisha wagonjwa 78 waliopata kiharusi karibuni, ulionyesha kwamba waliozoezwa kwa mapigo walitembea vizuri zaidi baada ya wiki tatu kuliko waliozoezwa kwa njia ya kawaida.

Neno la kuzingatia hapo ni mapigo yaliyotiwa mkazo. Muziki uliotumika haukuwa wa kumchezea mgonjwa kizungumkuti. Mtu ambaye viini vyake vya kutafuta mapigo vimedhurika hawezi kupewa muziki ambao mapigo yake yamefichwa, akatarajiwa ayafichue huku akijitunza asianguke. Hizo ni kazi mbili kwa mara moja, na mgonjwa wa Parkinson au wa kiharusi huelemewa upesi na kazi mbili kwa mara moja. Hata kwa watu wazima, utafiti wa mwaka 2014 uligundua kwamba muziki usio na mvuto wa mdundo uliwaharibia mwendo zaidi wale wasio hodari wa kutambua mapigo. Klave, besi inayotangulia na konga inayojibizana navyo ni karamu kwa mwenye afya. Kwa mgonjwa anayejifunza hatua zake za kwanza, vinaweza kuwa kama kizingiti kilichowekwa njiani.

Wakuba wenyewe waliligundua tatizo hili mapema, na si hospitalini. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mpiga fidla Enrique Jorrín aliona katika kumbi za Havana kwamba wachezaji wengi walitatizwa na mikwepo ya mambo. Akatunga nyimbo ambazo mkazo wake uliangukia mahali penye mapigo wazi, na wachezaji wakapata pa kukanyaga. Huo ndio mwanzo wa cha-cha-cha. Daktari wa mishipa ya fahamu asingeweza kutoa agizo bora zaidi. Katika familia nzima ya muziki huu, cha-cha-cha ndiyo inayokaribia zaidi mahitaji ya chumba cha mazoezi, kwa kuwa kengele ya chuma hutaja kila pigo bila kificho.

Hata hivyo kasi yake, ambayo ni takribani mapigo 120 kwa dakika, huwazidi wagonjwa wengi. Kwanza mgonjwa ahesabiwe hatua zake anapotembea kwa mwendo wake wa kawaida: sekunde 30 zinatosha, kisha idadi izidishwe kwa mbili. Aliyepiga hatua 80 kwa dakika aanzishiwe mapigo 80, si 120. Akishaweza kufuata kwa utulivu, mapigo yaongezwe kwa asilimia 5 hadi 10, yaani hadi 84 au 88, na si zaidi kwa wakati mmoja. Zipo programu za simu zinazotoa mapigo matupu ya kasi yoyote, na nyingine hupunguza mwendo wa wimbo bila kuharibu sauti yake. Pasipo na simu, mtu mwenye mkono usiotetereka na ndoo ya plastiki iliyofudikizwa anaweza kuifanya kazi hiyo.

Mazoezi haya hayaanzi bila mtaalamu kumpima mgonjwa. Msaidizi asimame upande uliodhoofika, njia iwe kavu na isiyo na mikeka wala waya, na viatu viwe vya kushika mguu, si kandambili. Mgonjwa mwenye maradhi ya moyo au shinikizo la damu lisilodhibitiwa asiongezewe kasi mpaka daktari aridhie. Vilevile pasiwe na mgonjwa atakayeacha levodopa au dawa za kuzuia kiharusi kisichojirudia kwa kuwa ngoma imemfanya ajisikie vizuri. Mapigo hayafufui seli zilizokufa.

Kitandani, mgonjwa achague mwenyewe

Yote yaliyosemwa kuhusu mapigo wazi yanahusu mguu ulio juu ya sakafu. Mgonjwa aliyelala au aliyeketi ana uhuru mwingine. Nchini Ufini, utafiti uliochapishwa mwaka 2008 uliwafuata wagonjwa waliopata kiharusi katika eneo linalolishwa na mshipa wa kati wa ubongo. Waliosikiliza kila siku muziki walioupenda, kwa miezi miwili ya mwanzo, walipata nafuu kubwa zaidi ya kumbukumbu ya maneno na ya uwezo wa kuzingatia jambo kuliko waliosikiliza vitabu vilivyosomwa au wasiopewa kitu. Huzuni pia ilipungua kwao.

Hapa ndipo swali kuhusu ujana wa mzee linapopata faida yake. Kitandani, Manteca haina hatari. Wala rumba ya Kongo, wala Cuban Marimba, wala taarabu, wala kwaya. Mikwepo ambayo ingemkwaza akitembea inaweza kumpa ubongo wake kazi nzuri ya kungoja na kukisia. Kwa ufupi, katika kusikiliza mgonjwa ndiye mchaguzi, na katika kutembea mchaguzi ni anayemzoeza. Muuguzi asimpangie mgonjwa muziki wa kusikiliza kwa kufuata ladha yake mwenyewe au ya zamu yake. Redio ya wodi inayolia kutwa nzima kwa wimbo usiotakiwa na mtu ni kero.

Sauti nayo ina kipimo. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba sauti ya desibeli 80 isizidi saa 40 kwa juma kwa mtu mzima, na ya desibeli 90 isizidi saa 4. Bendi yenye tarumbeta nne na konga hufika huko bila kutumia nguvu, na vipokea sauti vya masikioni hufika kwa kubonyeza kitufe.

Kati ya kitanda na mazoezi ya hatua ipo njia ya tatu, nayo ni kucheza. Watafiti wa St. Louis, Marekani, walionyesha mwaka 2009 kwamba wagonjwa wa Parkinson waliohudhuria masomo ya tango ya Argentina waliboresha mizani ya mwili wao. Katika dansi ya wawili, mwenzi ni saa ya pili: mgonjwa huhisi pigo kupitia mkono alioushika hata kama sikio limelikosa, naye huzoea kusimama, kuanza upya, kurudi nyuma na kugeuka, mambo ambayo ndiyo humgandisha nyumbani. Kwa aliye katika hatua za mwanzo za ugonjwa, mwenye mwenzi imara na sakafu nzuri, dansi ya polepole ya ukoo wa Kuba au Kongo inaweza kujaribiwa kwa idhini ya mtaalamu wake.

Mazoezi yanapokwisha, muziki uzimwe na mgonjwa aketishwe. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2006 uliowahusisha wanamuziki na wasio wanamuziki ulionyesha kwamba muziki wa kasi huongeza pumzi, mapigo ya moyo na shinikizo la damu, lakini wimbo unapokatizwa kwa kimya cha dakika mbili, vipimo hivyo hushuka chini kuliko vilivyokuwa kabla muziki haujaanza. Kimya hicho kisijazwe na mazungumzo wala wimbo mwingine, na shinikizo la damu lipimwe baada yake, si kabla.